Vyuma Viwili Nilivyorudi Kuviomba Binza

Wenzangu wa karakana ya Shinyanga, habari zangu zimewafikia kabla ya barua hii, na naona njiani zimenenepa. Mmoja wenu ameniuliza kama ni kweli nilimpa mjomba wa mke wangu zawadi, halafu kesho yake nikarudi kuitaka. Mwingine ameuliza kama karavani lilinishinda kweli, mimi Maduhu, dereva wa miaka kumi na minane nisiye na mkwaruzo hata kwenye bampa. Nimeona niwajibu wote kwa mpigo. Hapa Kasoli muda ninao, maana wateja ni wa Minza na mimi naosha vikombe.

Mnakumbuka mradi wa visima ulivyofungwa. Wengine walipewa baiskeli, wengine magodoro. Mimi yule mtaalamu wa kigeni, tuliyemwita Bwana Visima, aliniachia karavani lake, ile nyumba ya bati yenye magurudumu mawili aliyokuwa akilalia porini. Mke wangu Minza, aliyekuwa mpishi wa kambi, alilizunguka mara moja tu akasema, "Huu ni mgahawa."

Hakuwa anatania. Sasa wanunuzi binafsi wa pamba wameruhusiwa, na Kasoli, kwao Minza, kulitangazwa kituo kipya cha kununulia pamba. Mtendaji wa kijiji alisema kiwanja kilicho mbele ya ghala ni cha mama atakayewapa watu chai ya kwanza asubuhi mizani itakapofunguliwa, siku ya Alhamisi. Mama Holo, ambaye amewauzia watu wa Kasoli mihogo tangu Minza akiwa binti, naye alikuwa ameambiwa hivyo hivyo.

"Miaka tisa nimepika kwenye sufuria za watu," Minza aliniambia. "Kiwanja hiki nikikikosa, narudi kulima pamba ya kaka yangu. Tufike Alhamisi, Baba Kulwa. Sitaki kingine."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, dereva ni mimi.

Shinyanga hadi Mwigumbi

Tulipakia Jumatatu asubuhi: jiko la chuma, mabenchi manne, magunia ya mchele na unga, sukari, masufuria, na vikombe vya udongo ambavyo Minza alivifunga kimoja kimoja kwenye matambara. Nilipoliunganisha karavani, pikapu yangu ilichuchumaa nyuma, pua ikaangalia juu.

Pembeni vilibaki vyuma viwili. Virefu kama mkono wa mtu, vizito, kila kimoja na mnyororo wake. Bwana Visima alikuwa akivifunga kila safari, kapiga magoti kwenye vumbi, huku akinieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kazi ya kila kimoja. Mimi nilikuwa nasimama pembeni na sigara yangu nikimjibu, "Naelewa, bosi." Kwa miaka tisa nilielewa. Asubuhi hiyo nilivitazama vile vyuma, navyo vikanitazama, na hakuna aliyemjua mwenzake.

"Mbona hivyo hufungi?" Minza aliuliza.

"Hivi ni vya milimani," nikasema. "Huku kote tambarare." Nikavitupa nyuma ya pikapu.

Aliniangalia kidogo, akapanda akafunga mlango. Nawaomba mkumbuke kwamba aliuliza.

Njiani usukani ulikuwa mwepesi ajabu, unaugeuza kwa kidole kimoja. Nilimwambia Minza gari limefurahi. Mbele yetu likatokea lori lenye vumbi, nikawasha taa, nazo zikawa zinamulika ndege.

Mwigumbi, pale tunapoiacha barabara ya Mwanza, kulikuwa na kizuizi cha mazao. Mkaguzi, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, alitupita pale tulipokaa, akaenda hadi mlango wa karavani, akaweka kola yake sawa.

"Hodi!"

Kimya. Akapiga hodi ya pili na ya tatu, halafu akaja dirishani kwangu. "Wenyewe hawapo?"

"Wenyewe ndio sisi."

"Sasa mbona mmekaa nje ya nyumba yenu?"

Nikamwambia hilo ni trela, aingie akague mazao anayoyatafuta. Akakataa. Lina mapazia, alisema, na hawezi kuingia chumba cha watu kabla mama mwenye nyumba hajamkaribisha. Ikabidi Minza ashuke, aingie yeye kwanza, aitikie hodi kutoka ndani, ndipo mkaguzi akavua viatu. Alikaa saa nzima akila michembe na karanga huku akitusimulia uchumba wake uliovunjika. Wakati wa kuandika akakwama tena, maana fomu yake ilikuwa na sehemu ya malori, mikokoteni na mifugo tu. Mwishowe alituandika kwenye mifugo, vichwa viwili.

Mwigumbi hadi Binza

Jioni tulikuwa Maswa, nyumbani kwa mjomba wa Minza pale Binza. Mzee Ng'wandu ana duka dogo barazani na zizi nyuma, na msimu wa pamba mikokoteni yake ya ng'ombe haipumziki. Alitupokea kwa mikono miwili. "Mhola?" "Mhola duhu." Aliuliza habari za mapacha wetu, za mvua ya Shinyanga na za mradi, hakuacha kitu.

Mkwe haendi ukweni mikono mitupu. Minza alikuwa ametenga sukari kwa ajili hiyo, ila sukari yenyewe ilikuwa chini ya mabenchi, na mabenchi chini ya jiko. Yeye alikuwa uani anakumbatiwa na shangazi zake, mimi niko mbele ya wazee. Macho yangu yakaangukia nyuma ya pikapu.

"Mjomba," nikasema kwa sauti ya mtu aliyepanga jambo hili tangu wiki iliyopita, "nimekuletea chuma cha Ulaya."

Mzee alikinyanyua kimoja, akakigonga na kingine, akasikiliza kikilia. Uso wake ukachanua. "Wabeja! Wabeja gete, mkwe!" Majirani wakaitwa kuvishika. Usiku huo nilikula ugali wa mtama, kuku na maziwa ya mgando mpaka nikalegeza mkanda, nikalala nikiwa mkwe bora kuliko wote Binza.

Asubuhi nikamkuta mzee na wanawe wawili, watu wazima wenye mikokoteni yao, wamesimama mbele ya pikapu wakiitikisia vichwa.

"Mkwe, unamtesa," mzee alisema.

"Namtesa nani?"

"Gari lako. Tazama alivyoinama. Mzigo wote umeuweka shingoni."

Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Mkokoteni ukiulemeza mbele, mti wa nira unawakandamiza ng'ombe, wanatoka vidonda shingoni, na mwenye mali anachekwa barabara nzima. Mzigo unasogezwa nyuma mpaka shingo ipumue. Mimi nimekulia kwenye mikokoteni hiyo hiyo, na maneno yale yaliniingia moja kwa moja.

"Naelewa," nikasema.

Nilipomaliza uji, wale ndugu walikuwa wameshahamisha jiko, mchele, unga na mabenchi hadi ukuta wa nyuma wa karavani. Pikapu iliinuka kama mtu aliyetua gunia. Wazee walipiga makofi. Minza alikuja na mabegi yake, akaona gari limesimama sawasawa, akadhani hatimaye nimefunga vyuma.

Binza hadi mto mkavu

Kwa mwendo wa kubembeleza hakukuwa na neno. Nilipoona barabara imenyooka nikaongeza mafuta, na karavani likaanza kucheza. Kidogo tu, kulia, kushoto. Nikalaumu upepo. Tukapita kundi la ng'ombe, likacheza tena, nikalaumu ng'ombe.

Halafu ukaja mteremko wa kuingia kwenye mto mkavu. Karavani lilijitokeza kwenye kioo cha kushoto. Likapotea, likajitokeza kwenye kioo cha kulia, kubwa zaidi. Kila lilipokwenda upande mmoja, lilivuta makalio ya pikapu upande wa pili, na usukani wangu mwepesi haukuwa unashika kitu chochote. Minza aliita jina la mama yake. Mimi sikuita jina la mtu, nilikuwa nimeuma ulimi. Sijawahi kuogopa hivyo nikiwa nyuma ya usukani, na sioni aibu kuwaandikia. Mchanga wa mtoni ndio uliotusimamisha, tukiwa tumekaa mshazari, karavani linachungulia tulikotoka.

Minza alifungua mlango wa karavani, na vikombe kumi na kimoja vikamtokea vipande vipande. Akakaa kwenye mchanga akalia. Hakulia kwa sauti, alijifunika khanga usoni, mabega yanapanda na kushuka. Nilitamani anitukane.

Aliponyamaza aliinama nyuma ya pikapu akatazama. "Vile vyuma viko wapi?"

"Nilimpa mjomba."

"Akutunzie?"

"Zawadi."

Badala ya kunitukana, akaanza kunifundisha. Toroli la ujenzi, alisema, ukiinua mikono yake ya nyuma, uzito unakwenda wapi? Kwenye gurudumu la mbele. Basi vile vyuma ndiyo mikono hiyo. Vinachomekwa nyuma ya pikapu, vinapita chini ya shingo ya trela, na minyororo inavivuta juu. Uzito uliokaa wote kwenye matairi ya nyuma unagawanyika hadi ya mbele, nayo yanashika barabara, usukani unakuwa usukani.

"Umejua wapi haya?"

"Nani alikuwa anamshikia Bwana Visima futi wakati wewe unavuta sigara? Futi ilipokatika tukapimia hiki." Akatoa ule mwiko wake mkubwa wa kambini, unaonifika kiunoni, wenye pengo moja mpinini. Pengo lile Bwana Visima alilichonga kwa kisu, kuonyesha madigadi ya mbele ya gari la mradi inatakiwa ikae wapi. Miaka yote nimekula ugali wa mwiko ule na sikuwahi kuuliza.

"Twende basi tukaviombe," nikasema.

"Twende na nani? Ulivitoa kwa mdomo wako, utaviomba kwa mdomo wako. Na uwahi. Leo Jumanne."

Mto mkavu hadi Binza, tena

Nilishusha miguu ya karavani, nikatia mawe kwenye matairi, nikamwacha Minza nalo na kurudi peke yangu na pikapu. Ninyi mnajua, mtu anaweza kurudi ukweni kuomba mbegu, kuomba ng'ombe, hata kuomba msamaha. Kuomba zawadi uliyoitoa jana sijawahi kusikia. Njia nzima nilitunga uongo. Kwamba vyuma vina mkosi. Kwamba serikali inavitafuta. Kila uongo niliujaribu kwa sauti, na ulisikika vibaya zaidi ya ukweli.

Nilivikuta kazini. Vilikuwa vimefanywa makomeo ya lango la zizi, kimoja juu na kimoja chini, na minyororo imezungushwa vizuri kwenye nguzo. Majirani watatu walikuwa wameletwa kuvitazama.

"Mkwe! Umesahau nini?"

Nikanywa maziwa kibuyu kizima. Nikaongelea mvua. Nikaongelea bei ya jembe, nikarudi kwenye mvua. Mzee akaniambia, "Jana usiku fisi alilia mpaka karibu, lakini kwa makomeo haya nililala fofofo." Majirani wakaitikia. Nikaona nikisubiri zaidi atawaita na wa mtaa wa pili.

"Mjomba," nikasema, "nilikupa kitu ambacho sikukijua. Namwambia kila mtu naelewa, na sielewi. Bila vyuma hivyo mpwa wako hafiki Kasoli."

Mzee alitazama lango lake, akanitazama mimi, akatazama lango tena, na niliona kabisa kwamba alilipenda.

"Haiwezekani," alisema. "Zawadi siwezi kukurudishia. Nikifanya hivyo ni kama nimekutupia usoni, hata wewe ukitaka." Akanyanyuka kwenye kigoda. "Lakini mali ni yangu sasa. Na mpwa wangu naweza kumpa mali yangu nikipenda. Yeye, siyo wewe. Nami nitamkabidhi kwa mkono wangu."

Basi tukaondoka watu wanne, mimi, mzee na wanawe wawili, na jogoo mmoja, kwa sababu mzee alisema chuma peke yake si zawadi ya kumpa mwanamke.

Mtoni

Tulikuta umati. Baiskeli sita zimelazwa mchangani, mikokoteni miwili imefunguliwa ng'ombe. Wapita njia waliona nyumba mtoni, wakapiga hodi, na Minza hakujua kumwambia mtu aliyepiga hodi kwamba hakuna chai. Mabenchi yalikuwa nje, watu wamekaa wanakunywa na kubishana kama nyumba ile ilisombwa na maji ya masika.

Mzee Ng'wandu alimkabidhi vyuma mbele ya wote. "Mayu, mama yangu, hivi ni vyako. Mtu asivitoe bila wewe." Minza akapiga goti akavipokea. Kisha akasimama akaanza kutoa amri.

Kwanza mzigo. Jiko na mchele virudi mbele, vipite kidogo matairi ya karavani. Mzee akashtuka. "Na shingo?"

"Mjomba, shingo ya gari haitoki kidonda. Ukilemeza nyuma, linatikisa mkia. Umeona vikombe vyangu."

Mzee akaviangalia vile vipande, akavua kofia. "Hilo nimekukosea," alisema, naye hakusingizia upepo.

Halafu Minza akasimamisha mwiko kwenye tairi la mbele la pikapu kabla hatujaunganisha, akaweka alama ya mkaa palipofika madigadi, maana pengo la zamani lilikuwa la gari jingine. Tukaunganisha, pua ikapanda, akaweka alama ya pili. Kati ya alama hizo kulikuwa na vidole vinne. "Vidole hivi ndivyo tunavyovitafuta," alisema. Tukainua maungio kwa jeki mpaka vyuma vikaingia bila ugomvi, tukavuta minyororo, tukaitia kwenye ndoano pete ya tatu. Tukashusha jeki. Akapima: vimebaki vidole viwili. "Bado." Tukapandisha jeki tena, tukavuta pete moja zaidi, tukashusha. Mwiko ukaonyesha pua imerudi, kasoro unene wa kidole kimoja.

"Inatosha. Bwana Visima alisema usiivute mpaka mwisho."

Mzee alikuwa amechuchumaa anaangalia matairi ya mbele yalivyotulia. "Kumbe unainua huku, linakaa kule," alisema taratibu. Akanigeukia. "Mkwe, umeelewa?"

"Nimeanza," nikasema.

Mtoni hadi Somanda

Kuhusu mwendo huo sina cha kuwasimulia, na hiyo ndiyo raha yake. Karavani lilifuata nyuma kimya, usukani una uzito wake. Minza alikaa na jogoo mapajani, mwiko katikati yetu.

Tulilala njiani usiku mmoja, na Jumatano jioni tukaingia Bariadi. Tukaegesha Somanda kwenye uwanja mpana karibu na hospitali, tuamke mapema twende Kasoli. Alfajiri nikatoka na fulana tu, mswaki mdomoni.

"Shikamoo daktari," likanisalimu kundi la akina mama.

Walikuwa wamepanga mstari kutoka mlangoni kwetu mpaka barabarani, watoto mgongoni, kadi za kliniki mkononi. Gari jeupe lenye mapazia, karibu na hospitali, wangefikiri nini? Nilipotoa mswaki kueleza, mama wa kwanza alishanikabidhi mtoto. Nikasema mimi ni dereva. Wakanielewa vizuri: daktari bado amelala. Minza alichungulia dirishani, akaona jua linapanda. Hatukuweza hata kuondoa gari, watoto wengine walikuwa wamekaa kwenye kivuli chake.

Nikakimbilia hospitali kumtafuta muuguzi, nikiwa na mtoto yule kwapani. Minza, akiwa hana la kufanya, akawasha jiko akachemsha chai, akawapa akina mama waliochoka kusimama, na iliyobaki akaijaza kwenye chupa zote za chai tulizokuwa nazo. Muuguzi alipokuja alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaongoza mstari wake kuelekea kunakohusika. Mtoto alinilowesha.

Somanda hadi Kasoli

Moshi tuliuona kwanza. Mama Holo alikuwa tayari kwenye kiwanja, mafiga matatu, sufuria juu, anapuliza kuni zake kwa nguvu zote. Wakulima walikuwa wamekaa juu ya marobota yao, na karani alikuwa anatundika mizani. Minza alishika mkono wangu.

"Maji yake hayajachemka," nikasema.

Hakunisubiri nizime gari. Aliingia ndani, na mimi nikangoja kusikia kilio. Nilisikia vikombe vikigongana tu. Chupa zilikuwa zimesimama wima kama alivyoziacha, hakuna tone lililomwagika. Dirisha likafunguka, na kikombe cha kwanza kikatoka kikifuka, kikaingia mkononi mwa karani wa mizani. Cha pili kikamwendea Mtendaji.

Mama Holo aliacha kupuliza. Akasimama, macho mekundu ya moshi, akatazama ile nyumba ya bati kwa uchungu. Minza akamwita. "Mama Holo, nina chai, sina kitafunwa. Leta mihogo yako hapa dirishani." Mama Holo akajipangusa moshi machoni, akabeba mihogo yake akaja. Mpaka leo wanagombana kila siku kuhusu chumvi.

Mtendaji alimaliza kikombe, akatoa karatasi yake, akanijia pale nilipoegemea madigadi.

"Mwenye mgahawa ni wewe? Masharti ya kiwanja ni haya. Usafi, choo, na kufunga saa kumi na mbili." Akayasoma yote, akaninyooshea kalamu. "Umeelewa?"

Neno lile lilinifika kwenye ulimi, mnalijua. Nikalimeza.

"Sijaelewa, mzee," nikasema. "Muulize mwenye vyuma. Yuko dirishani."